Jumbe Aliyemwamuru Mbwa Kucheza

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Walio macho?"

"Tupo!"

"Wanaosinzia?"

"Nao wapo!"

Basi walio macho wawafinye wanaosinzia, maana mimi hadithi siirudii.

Hapo zamani za kale, katika mji wa Vumbini, paliondokea jumbe mmoja akiitwa Mbaruku. Jumbe Mbaruku alikuwa mtu mkubwa sana. Nani alisema? Mwenyewe alisema. Alikuwa na kilemba cheupe, kirefu, kimezungushwa kichwani hata shingo inalalamika. Kilemba hicho alivikwa na Malkia, na ndicho kilichomfanya kuwa jumbe. Akila, kipo. Akioga, kipo. Akilala, kipo. Mkewe, Bi Mwanaheri, alikwisha kusahau kama mumewe ana nywele au ana upara.

Siku moja Malkia akaita baraza. Akasema, "Jamani, mwanangu kajifungua, nakwenda kumtazama. Lakini ninaye mbwa wangu, Hamniwezi. Tangu mwenzake afe, hachezi. Anakula kidogo, analala sana, anatazama ukuta. Nani atakaa naye, nirudi nimkute anacheza?"

Wenye busara wote walikuwa wanatazama vidole vyao vya miguu. Jumbe Mbaruku akasimama.

"Mbwa tu, Malkia? Mji mzima unanitii, sembuse mbwa!"

Mdomo huponza kichwa, jamani.

"Vyema," akasema Malkia. "Nikirudi nikamkuta anacheza, kilemba hicho hakivuliwi maisha. Nikimkuta amejikunyata, nitakivua kwa mkono wangu, mbele ya watu, nimvike mwingine."

Basi Jumbe akarudi nyumbani, mbwa yuko nyuma yake, pole pole, kama anayesindikiza maiti.

Jumbe akamwita fundi wa nguo, akashonewa mpira wa matambara. Mpira mwekundu, mzuri, hata wewe uliyekaa pale na ndevu zako ungeutaka. Ukawekwa juu ya mkeka. Pembe ikapigwa. Jumbe akasimama mbali, mikono nyuma, akatangaza, "Kwa amri yangu, cheza!" Wazee wa baraza lake wakaimba, nanyi imbeni, msinitazame tu:

*Cheza, Hamniwezi, cheza!*
*Jumbe kasema cheza!*

Mbwa akautazama mpira. Akamtazama Jumbe. Akalaza kichwa juu ya miguu, akafumba macho.

"Amekubali," wakasema wazee. "Anafikiria pa kuanzia."

Wazee wale! Kumvika mtu kilemba cha ukoka ndiyo kazi waliyoizeekea.

Akaitwa mchonga vinyago, akachonga sungura wa mti, masikio ya ngozi, macho ya shanga. Pembe ikapigwa. "Kwa amri yangu na ya baba yangu, cheza!"

*Cheza, Hamniwezi, cheza!*
*Jumbe kasema cheza!*

Mbwa akainuka! Akamzunguka sungura. Akamnusa. Akanyanyua mguu, akamkojolea. Angalau alitoa maoni yake.

"Kwa mbwa, hiyo ni heshima kubwa," wakasema wazee.

Ukaletwa mfupa wa ng'ombe, umefungwa kamba ya kuvutia. Pembe ikapigwa. "Kwa amri yangu, na ya baba yangu, na ya babu yangu, cheza!" Sauti ya Jumbe ilikuwa imeanza kukwaruza.

*Cheza, Hamniwezi, cheza!*
*Jumbe kasema cheza!*

Mbwa akaung'ata mfupa pamoja na kamba yake. Akachimba shimo. Akauzika. Akalala juu ya kaburi. Nusura wazee watoe rambirambi.

Asubuhi yake mjumbe akaja mbio: Malkia amekwisha kuvuka mto, jua halitafika utosini kabla hajaingia mjini.

Hapo Jumbe akaogopa. Nasema akaogopa, si utani. Alikaa ukumbini ameshika kilemba kwa mikono miwili, machozi yanamlengalenga. Bila kitambaa hiki, alijiuliza, mimi ni nani?

Bi Mwanaheri alikuwa hapo anachambua mchele. Akasema, "Mume wangu, mbwa hachezi na kitu. Mbwa hucheza na mtu. Huyu alikuwa na mwenzake, akafa. Wewe umemletea vitu na amri. Mwenzake yuko wapi?"

"Sasa nifanyeje?"

"Kaufukue ule mfupa, upige magoti, utikise kamba mbele yake."

"Mimi? Jumbe hainami!"

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Na watu wakiniona?"

"Leo leo watakuona tu, ukivuliwa kilemba."

Jumbe akatoka uani. Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akafukua mfupa. Akashusha goti moja, likalia ko! Akashusha la pili, ko! Akatikisa kamba kwa vidole viwili. Mbwa akafungua jicho moja.

Lakini hakuitazama kamba. Jumbe alipoinama, ncha ya kilemba ilifunguka, ikaning'inia mbele ya pua ya mbwa, ikawa inayumba. Sikio likasimama. Mkia ukapiga chini, pu! Kisha, nyaka!

"Acha! Hamniwezi, acha!"

Jumbe akavuta. Mbwa akavuta. Jumbe akipiga kelele kwa hasira, mbwa ananguruma kwa raha. Angekiachia, mbwa angekitema akarudi kulala. Lakini mtu aachie kilemba chake? Akazidi kuvuta, na mbwa akazidi kufurahi. Kilemba kikawa kinafunguka, Jumbe anazunguka kama pia, kitambaa kinachanika chwaa! Majirani wakachungulia juu ya ua. Wazee nao wakafika.

"Anamfundisha," wakasema. "Tazameni utaalamu!"

Mzunguko wa mwisho ukatoka. Upepo ukampiga Jumbe kichwani. Upara, jamani! Bi Mwanaheri akapata jibu lake.

Mbwa akakimbia na kilemba uani kote, akarudi, akaweka ncha yake juu ya goti la Jumbe, mkia hautulii. Alikuwa anaomba: vuta tena.

Jumbe akatazama. Ngoma ya Malkia ilikuwa imekwisha kusikika mlangoni mwa mji. Angeweza kukinyakua kile kilichobaki, akimbie ndani akakizungushe kichwani. Angekuwa na kilemba, na mbwa angerudi kutazama ukuta. Na mbwa alikuwa anamtazama usoni. Katika mji ule wote, huyo alikuwa wa kwanza kumtazama Mbaruku bila kilemba, na asimwone amepungukiwa na kitu.

Jumbe akacheka. Kicheko kilimtoka chenyewe, bila amri. Na kwa kuwa mikono ilikuwa imechoka, akainama, akaishika ncha ile kwa meno, akavuta.

Hapo hapo Malkia akaingia.

Malkia akatazama upande huu, akatazama upande ule.

"Niliacha mbwa mmoja," akasema. "Mbona nakuta wawili?"

Kisha akamwona Hamniwezi anaruka, mkia juu, akacheka, akalia, akacheka tena. Akajifuta machozi, akasema, "Ahadi ni deni. Jumbe Mbaruku, kilemba chako hakivuliwi maisha."

Watu wote wakamtazama Jumbe kichwani. Kichwa kinang'aa.

Wazee wakapiga makofi. "Na kimekukaa vizuri leo, Jumbe! Hakijapata kukupendeza hivi!"

Jumbe akawageukia, kitambaa kingali menoni. Akawangurumia.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Aliyeiona tamu aibebe, aliyeiona chungu aniachie hapa hapa, kesho nitampa mwingine. Nami nimenyamaza!

"Nasi tumesikia!"