Neno Moja la Masanduku Yote

Palikuwa na tajiri wa sabuni mjini Tanga, Feruzi Machano, mtu mwenye tumbo la heshima na masikio ya panya. Baruapepe zote za kampuni zilipita kwenye seva zake mbili, mashine zilizonguruma katika chumba cha chini, na ufunguo wa chumba hicho aliuvaa shingoni. Kila siku akishakula cha mchana alishuka huko, akaketi juu ya kreti, akasoma barua za wafanyakazi wake kama wengine wasomavyo gazeti. Karani Shekue alimwandikia mkewe Korogwe kwamba tajiri hukoroma mkutanoni. Kufika alasiri, Shekue hana kazi.

Basi masika yakaja, maji yakaingia chumbani. Seva moja ikafa, ya pili ikawa mahututi. Siku tatu hakuna barua iliyoingia wala kutoka. Wateja wa Moroni wakadhani kampuni imefungwa. Tajiri, akiwa mezani akila na wakuu wa idara, akamwita fundi wake wa kompyuta, Mize Athumani, mwanamke mfupi wa kimo, mrefu wa ulimi.

"Mize, tibu mashine zangu."

"Maiti hatibiwi, bwana mkubwa, huzikwa. Tuhamishie barua winguni."

"Winguni! Mvua ikinyesha je?"

"Wingu ni jina tu. Ni mashine za wenye kazi hiyo, ziko mbali, pakavu, zinalindwa. Sisi tunapanga nafasi tu, kama chumba. Kila mfanyakazi atakuwa na sanduku lake la barua na neno lake la siri."

Tajiri akaacha kutafuna. "Nami nitasomaje?"

"Hutasoma."

"Mtu akiandika mwanawe anaumwa, nitajuaje nimwombee dua?"

"Atakuja kuomba ruhusa, utajua."

"Na akitafuta kazi kwingine?"

"Hapo ujiombee mwenyewe."

Wakuu wa idara waliokuwapo mezani wakakohoa kuficha vicheko. Tajiri akapiga meza.

"Sikiliza! Nataka neno moja tu, lifungue masanduku yote. Mwisho Jumatatu. La sivyo utamfuata Shekue!"

"Yote, bwana?"

"Yote!"

"Bila kubagua?"

"Hata moja!"

"Basi niandikie, nisije nikasahau."

Tajiri akaandika, akatia sahihi, akagonga na muhuri. Mize akaikunja karatasi vizuri, akaitia mkobani, maana alikuwa na watoto watatu shuleni na mshahara huo mmoja tu.

Jumatatu, barua zote mpya na za zamani zikiwa zimekwisha hamia winguni, tajiri akafika kazini. Mlinzi akampigia saluti huku akitabasamu. Mpokeaji wageni akamwambia, "Hongera, bwana." Kwenye ngazi akawakuta wapakiaji wawili wakiimba taratibu:

*Ewe mjane wa Chake, moyo wangu ni sabuni,*
*ukinishika kwa maji, natoa povu tumboni.*

Tajiri akashika ukuta. Beti hizo alizitunga yeye mwenyewe, akamtumia kwa baruapepe bibi mmoja wa Pemba, na mkewe wa ndoa hakuwa na habari.

"Mize! Nani kafungua sanduku langu?"

"Neno ulilotaka, bwana."

"Nilitaka neno la kufungua masanduku ya watu!"

"Uliandika yote. Na lako ni sanduku."

"Neno lenyewe niwe nalo mimi!"

"Hapa umeandika liwe moja. Hukuandika liwe la mtu mmoja. Nimewagawia wote, bila kubagua."

"Nakufukuza!"

"Nifukuze, bwana. Barua yangu itume kwa baruapepe, watu waisome baada ya zile beti."

Tajiri akaingia ofisini, akaketi. Akafuta jasho, akavuta karatasi, akaandika upya: kila mtu awe na neno lake, asilijue mwingine, hata tajiri, na Shekue arudi kazini leo hii. Akagonga muhuri. Kabla ya adhuhuri Mize akawa amekwisha badilisha maneno ya masanduku yote.

Wafanyakazi walipotoka kwenda kula, tajiri akamvuta kando, sauti chini.

"Mize, niambie kweli. Yule mpishi wetu ni shangazi yake mke wangu. Naye amezisoma zile beti?"

"Hasha, bwana mkubwa! Mpishi hajui kusoma. Alisomewa."