Akatazaye Taa Ana Wavu Majini

Akatazaye taa ana wavu majini.

Ndivyo alivyosema mzee Mbijili leo mkutanoni, akachukua fimbo yake akatoka, nanyi mkacheka. Niliwaona. Mlidhani mzee amechanganyikiwa, maana watu walikuwa wanazungumzia kisima cha kijiji na mwenyekiti anasema maswali yasubiri, yeye analeta habari za taa na wavu. Sasa mmekuja kuniuliza maana yake. Kaeni. Chukueni karanga hizo mmenye mkisikiliza, na atakayecheka tena atoke.

Maneno hayo hayakutoka kwa wahenga. Yalitoka kinywani mwa mwanamke niliyemjua, nami nilikuwepo. Yalianza hivi.

Kabla ya kuhamia huku tuliishi Chilonje, kando ya bwawa. Serikali ilikuwa imeuziba mto ili kupata umeme, maji yakapanda yakafunika mashamba na miti, na sisi tuliozaliwa na jembe mkononi tukajifunza kuvua. Mitumbwi hatukuwa nayo. Tulivua tukiwa tumesimama ukingoni mwa hori, pale bwawa linapoingia ndani ya nchi kavu, kwa mshipi na ndoano, na msimu wetu mkubwa ulikuwa kipupwe. Baridi inapoanza kuuma, samaki wadogo husogea usiku kwenye maji mafupi, na kambale huwafuata. Kambale wa kipupwe huja karibu na nchi kavu mpaka unasikia mkia wake ukipiga maji mbele ya miguu yako. Lakini anaogopa mwanga. Ukimmulika anageuka, na wenzake wanageuka pamoja naye.

Kwa hiyo desturi yetu ilikuwa moja: usimulike maji. Taa tulikuwa nazo. Mtu aliiweka nyuma ya jiwe au aliifunika kwa ndoo, akaitumia kufunga ndoano na kutazama nyoka. Hakuna aliyegombezwa kwa kuwa na taa. Kilichokatazwa ni kuielekeza majini, basi.

Nayasema haya ili mjue kwamba Chilewa hakuutoa uongo wake hewani. Aliuchukua ukweli wetu wenyewe akaurefusha, na uongo wa namna hiyo ndio mgumu kuushika.

Chilewa alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wavuvi. Alikuwa na sauti ya upole na alijua jina la mtoto wa kila mtu. Mwaka mmoja samaki walipopungua alituita, akasema chanzo ni taa zetu. Akasema mwanga hata ukiwa nyuma ya jiwe unaonekana na samaki, maana samaki hutazama juu. Tangu siku hiyo ikawa sheria: jua likizama, kila mwenye kurunzi au kandili aipeleke kwenye banda la kamati, ifungiwe humo, aichukue asubuhi. Tulikubali. Wengine walipiga makofi, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na jirani aliyemshuku.

Samaki hawakurudi. Walizidi kupungua. Na badala ya kuuliza kwa nini, tulianza kuchunguzana sisi kwa sisi. Mwanamume mmoja alivunjwa meno kwa sababu aliwasha sigara. Ndugu wawili waliacha kusalimiana, kila mmoja akidai mwenzake ameficha kibatari. Chilewa alikuwa anatusuluhisha, na baada ya kutusuluhisha tulimshukuru. Mpaka leo nikikumbuka shukrani zile, mate yanakuwa machungu mdomoni.

Kisha mishipi ikaanza kunasa. Mtu anarusha ndoano pale pale alipozoea, inakwama, anavuta mpaka mshipi unakatika. Tulimwambia Chilewa. Akasema ni visiki vya ile miti iliyozama.

Mtu mmoja tu ndiye aliyemjibu. Aliitwa Ndahani, mrefu, mkimya, mume wa rafiki yangu Mbeleje. Alisimama kikaoni akasema, "Mwenyekiti, hori hii naivua tangu maji yalipoingia. Mwaka jana hapakuwa na kisiki. Visiki vinatembea?"

Chilewa alitabasamu. "Maji yakishuka visiki hujitokeza, ndugu yangu. Kama unautaka uenyekiti sema tu, nikupishe."

Watu walicheka, kama nyinyi leo. Ndahani akakaa.

Mimi na Mbeleje tulikuwa tukibanika samaki pamoja. Kwa sababu ya ile sheria, majiko yetu yalikuwa nyuma ya kilima ili moto usionekane bwawani. Usiku ninaousimulia tulikuwa huko na samaki wachache wa kutia aibu, tumejifunga mashuka kwa baridi. Hakukuwa na mwezi. Tukasikia mtu akiita kutoka bwawani.

Mbeleje alinyanyua kichwa. "Huyo ni baba Lameki," akasema. Aliijua sauti ya mumewe hata ikiwa imebadilika hivyo.

Tulikimbia. Ukingoni tulikuta wanaume wamesimama gizani, wanaitana. Ndoano ya Ndahani ilikuwa imenasa, na ilikuwa ndoano yake ya mwisho, kwa hiyo aliingia majini kuifuata kwa mkono. Maji yalimfika kifuani tu. Kisha akaita kwamba kuna kitu kimemshika miguu. Waliokuwa karibu waliingia, wakasikia kitu kikiwashika na wao, wakarudi. Hakuna aliyejua ni nini wala Ndahani yuko upande gani, maana sauti usiku inazunguka juu ya maji. Mara inatoka kushoto, mara kulia, na kila mara ilikuwa fupi kuliko mara iliyopita.

"Taa," watu walisema. "Twendeni tukachukue taa."

Banda lilikuwa juu kidogo ya ukingo, la miti na nyasi. Chilewa alikuwa amesimama mlangoni na ufunguo ulikuwa shingoni mwake. Mbeleje alimfikia kwanza.

"Mwenyekiti, fungua. Mume wangu anazama."

"Tulia, mama Lameki. Ni visiki tu. Atajinasua."

"Nimesema fungua."

"Nikifungua, taa zote zitamulika maji. Samaki watakimbia msimu mzima na watoto wa kijiji kizima watalala na njaa. Sheria tuliipitisha wote, hata mumeo alikuwepo." Sauti yake ilikuwa ya upole vile vile. Huwezi kuamini ilivyokuwa ya upole. Kisha akawageukia wanaume. "Mnataka tuivunje sheria kwa ajili ya mtu mmoja aliyelewa?"

Ndahani hakuwa anakunywa, na wote walijua hivyo. Lakini hakuna aliyesogea. Walisimama wakitazamana gizani, wanaume wazima, wakingoja mwenzao aanze. Mmoja akasema labda tumsikilize mwenyekiti kidogo. Kidogo! Mtu yuko majini, wao wanapima neno kidogo.

Mbeleje aligeuka akaondoka mbio. Nilidhani amekata tamaa, kumbe alikwenda kilimani. Alirudi na kigogo alichokichomoa jikoni, kinawaka ncha moja, anakipunga ili upepo ukichochee. Chilewa alipoona moto unakuja, kwa mara ya kwanza sauti yake ilibadilika.

"Zima hicho. Wewe mwanamke, zima."

"Fungua."

"Nitakushitaki."

"Basi nishitaki," Mbeleje akasema, akakichomeka kigogo kwenye nyasi za paa.

Nyasi za kipupwe zimekauka. Banda liliwaka lote kwa mara moja, na mwanga ukashuka ukingoni ukaingia majini hata ng'ambo ya hori. Tuliona kila kitu.

Tuliona maboya. Maboya meupe ya wavu, yamepangwa toka ukingo huu hata ukingo wa pili, yamefunga mdomo mzima wa hori. Wavu wa macho madogo, ule uliopigwa marufuku, unaokomba hata vitoto vya samaki. Kumbe samaki wote waliokuwa wakija kwetu waliishia pale. Sisi tulikuwa tunarusha ndoano kwenye maji matupu, nyuma ya wavu. Ulitegwa giza likiingia na kuondolewa kabla hakujapambazuka, ndiyo maana mchana hatukuuona.

Na pembeni ya maboya tuliona mtumbwi. Ndani yake walikaa watoto wawili wa dada yake Chilewa, vijana wenye nguvu, mikono yao imeshika kamba ya wavu. Hawakuwa wanavuta wala kupiga kasia. Walikuwa wametulia kimya, kama mtu anayejificha chumbani mgeni akibisha hodi. Na Ndahani alikuwa karibu nao kiasi kwamba mmoja wao angenyoosha kasia angemgusa. Walimsikia muda wote alipokuwa anaita. Walinyamaza wasijulikane.

Nimeona mengi katika maisha yangu, na nimezika wengi. Hakuna kinachonichoma kama wale wawili waliokaa kimya kwenye mtumbwi.

Wanaume waliingia majini sasa, maana sasa kuona kulikuwa rahisi. Walimkata Ndahani kutoka kwenye wavu kwa visu vyao vya samaki, wakamleta nchi kavu. Nyuzi zilikuwa zimemzunguka miguu na kiuno, na kadiri alivyojitahidi ndivyo zilivyokaza na kumvuta chini. Walimlaza kifudifudi, wakamkamua maji, wakamwita jina. Mbeleje alimshika kichwa mapajani mpaka moto wa banda ulipokuwa majivu. Hakuamka.

Mnafikiri Chilewa alikimbia? Hakukimbia. Kulipopambazuka alikwenda kwa mtendaji kushitaki kwamba mama Lameki amechoma mali ya kijiji, na taa za watu zilizokuwa ndani. Kabla matanga hayajaisha, mjane aliitwa barazani. Alikwenda na kaniki yake ya msiba, nami nilikwenda naye.

Mtendaji alikuwa mtu mgeni, na bwana samaki wa wilaya alikuwa amekaa kando yake. Mtendaji alimwuliza, "Mama, pole kwa msiba. Lakini banda ulilichoma?"

"Nililichoma."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kuona."

Chilewa akasimama. Alizungumza kirefu kuhusu desturi za wavuvi na jinsi mwanga unavyofukuza samaki. Kuhusu wavu alisema haujui, vijana ni wakubwa na wanajibu wenyewe. Akasema kilichomwua Ndahani ni kutotii. Angeacha kwenda kuchokoza majini usiku, angekuwa hai. Na alipomaliza, msishangae, wapo waliotikisa kichwa kumkubalia. Walikuwa wamemkubalia miaka mingi, shingo zilikuwa zimezoea.

Mtendaji akamwuliza Mbeleje kama ana la kusema. Alisimama taratibu. Hakumtazama Chilewa, alitutazama sisi.

"Mume wangu aliuliza swali moja hapa, mkamcheka," akasema. "Mlidhani mtu huyu anatulindia samaki. Hata siku moja hamkujiuliza kwa nini mvuvi aogope taa iliyo nyuma ya jiwe. Mimi sikusoma, lakini sasa najua. Akatazaye taa ana wavu majini."

Akakaa. Kisha yule aliyesema "kidogo" usiku ule akainama akaanza kulia, naye Mbeleje hakumwambia nyamaza. Alimwacha alie.

Mmezoea hadithi ambazo mbaya hupata malipo yake. Wale vijana wawili walifungwa. Chilewa hakufungwa, kwa sababu hakuna aliyemwona ameshika wavu kwa mkono wake. Aliondolewa uenyekiti, akahamia mjini, na nasikia aliishi vizuri mpaka uzee wake. Nina hasira naye hadi leo na sioni sababu ya kuiacha. Mbeleje hakulipishwa banda. Mtendaji alisema shitaka halina miguu. Wavu ulikatwakatwa mbele ya watu wote, na bwana samaki akauchoma.

Tangu hapo Chilonje kandili iliwaka ukingoni kila usiku, imetundikwa kwenye nguzo, imezibwa upande wa bwawa ili isimulike maji. Na kipupwe kilichofuata kambale walikuja. Walikuja wengi, na taa inawaka. Tuliwavuta tukiwa hatuna furaha, kwa sababu kila samaki aliyetoka alikuwa anatuambia jinsi tulivyokuwa wajinga, na ujinga ule umemgharimu nani.

Mbeleje hakuyarudia maneno yake. Ni sisi tulioyachukua, kila mtu akahama nayo alikokwenda, na mzee Mbijili aliyachukua pia, kwa maana alikuwa mmoja wa wanaume waliosimama mbele ya lile banda wakitazamana.

Kwa hiyo mtu akiwaambia msiulize, msiangalie, mkiangalia mtaharibu, msimkasirikie kwanza na wala msimshukuru. Akiwa na sauti ya upole, ndipo msikilize vizuri zaidi. Kisha washeni mtazame. Na msingoje mtu aanze kuita kutoka majini.

Akatazaye taa ana wavu majini.