Suruali ya Muoki

Wahenga hawakuwa wakicheza walipotuonya kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Wengi hudhani walikuwa wakimsema adui tu. Laiti wangalimjua Ndindi, fundi wa nguo wa mtaa wa Kayole, Nairobi, aliyempenda mumewe kama mboni ya jicho lake.

Mumewe, Muoki, alikuwa karani mwenye kitambi ambacho majirani walikiita cheo. Alipopatikana na uvimbe kwenye kongosho, daktari hakumficha kitu: "Tutakupasua baada ya wiki sita. Kabla ya hapo, punguza mafuta ya tumbo. Yakizidi, mshono wa kongosho hushika kwa shida. Ukivuja, yale maji yanayosaga chakula yatakusaga wewe."

Muoki akaacha chapati, akawa anatembea kila asubuhi hadi barabara ya Spine Road na kurudi. Lakini Ndindi alikuwa amemwona shemeji yake, Wathome, akikonda hadi kaburini. Kwake, kukonda na kufa vilikuwa chanda na pete. Basi akawa anautia muthokoi wa mumewe, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, mafuta kwa siri. Ili asigundue, aliifumua suruali yake kiunoni na kuishona upya, kila wiki pana zaidi.

"Mama Kavinya, cheki! Inaniteleza!" Muoki alicheka akivuta mshipi. "Si nilikuambia nitatoboa, nitapungua?"

"Umejaribu, Baba Kavinya. Sasa kula," Ndindi alijibu, macho kwenye cherehani.

Siku ya kulazwa, mizani ilionyesha ameongeza kilo nne. Muoki alidai imeharibika. Daktari alitikisa kichwa, lakini akampasua, kwa kuwa uvimbe haungeweza kungoja tena.

Siku ya tano baada ya upasuaji, mshono ulivuja. Homa ikapanda, na mrija ubavuni ukatoa maji machafu. Kwa wiki tatu Muoki alikonda kuliko alivyowahi kutamani.

"Lakini suruali ilikuwa inanipwaya," alirudia kwa sauti hafifu. "Nilikosea wapi, Mama Kavinya?"

Ndindi alimshika mkono. Muoki alifariki kabla ya kujibiwa.

Mochari walipoagiza nguo, Ndindi aliitoa suruali ile ile. Ingemmeza marehemu, kwa hiyo aliketi kuipunguza. Wembe ulipogusa uzi wake mwenyewe, aliangua kilio.

"Ni mimi! Ni mimi niliyeishona!"

Majirani walimkumbatia, wakidhani ni uchungu wa ujane tu. Ndindi peke yake ndiye aliyejua, suruali ikiwa mapajani, kwamba kikulacho ki nguoni mwako.