Haradali ya Mke Mwenza

Imepokewa kutoka kwa waja wema waliotutangulia kwamba katika bonde moja la Yemeni walikuwako wajane wawili wa mume mmoja, Bibi Umaima na Bibi Lubna. Marehemu mume wao, Thabit, Mola amrehemu, alikuwa amempa kila mmoja shamba lake la vitunguu angali hai, ili wasije wakagombana. Hawakugombana. Walisalimiana vizuri, wakapelekeana chakula, na Umaima, aliyekuwa mke mkubwa, akawa anaungua ndani kwa ndani.

Vitunguu vya Umaima vilinyauka msimu baada ya msimu, kwa minyoo ya udongoni iliyokula mizizi. Vya Lubna vilinenepa. Na Lubna alikuwa na desturi ya ajabu: kabla ya kupanda vitunguu alimwaga mbegu za haradali shamba zima, akaiacha imee mpaka ichanue maua ya manjano, kisha badala ya kungoja mbegu apate kuuza, akaifyeka ingali mbichi na kuifukia yote ardhini. Wanawake wa kisimani walipomuuliza, alijibu, "Thabit ndiye aliyenifundisha," wala hakuongeza neno.

Si haradali iliyomuuma Umaima, ni lile jina. Kumbe mume aliyemtumikia tangu ujana wake alikuwa na siri, akaenda kumpa bi mdogo. Angeweza kuotesha haradali naye, nani angemzuia? Lakini alijiona mkubwa mno kuokota makombo ya mapenzi ya mwenzake. Akisimama kuswali, macho yako kwenye msala, moyo uko shambani kwa Lubna.

Siku moja baada ya alasiri, Lubna akiwa amekwenda kuhani msiba na haradali yake ndiyo kwanza inachanua, Umaima aliondoa miiba iliyoziba uwazi wa ua wa shamba lile, akawaachia mbuzi wake. Wakala mpaka yakabaki mashina. Kisha akairudisha miiba mahali pake.

Lubna aliporudi aliyaona mashina matupu. "Alhamdulillahi," akasema, akaenda kutawadha. Msimu ule minyoo ikaingia kwake pia. Sasa walikuwa sawa, na Umaima akangoja furaha, isije. Mwezi wa Ramadhani Lubna alimpelekea futari, bakuli la mchuzi wenye vitunguu vichache vilivyopona. Umaima hakuugusa. Akalichukua bakuli, akaenda nalo kwa mwenzake.

"Mbuzi wangu hawakuingia wenyewe shambani kwako," alisema. "Niliwafungulia mimi, kwa wivu, kwa kuwa Thabit alikufundisha wewe akaniacha mimi. Chukua mbuzi, chukua na shamba, lakini nisamehe kabla sijakutana na Mola wangu."

Lubna aliinama, akalia. "Dada, nami nina langu. Thabit alijifunza kwako. Ulipokuwa bibi harusi ulipanda haradali ya mboga kando ya ukuta, ukafukia mabaki, na mahali pale minyoo haikugusa kitunguu. Wewe hukutambua, yeye aliona. Kila akinieleza alianza kwa jina lako, na roho ikaniuma. Alitaka kwanza aijaribu shambani kwangu, maradhi yakamwahi; alipokuwa mahututi aliniusia, 'Mwambie Umaima.' Sikuweza. Nimeila elimu yako miaka yote hii, nikakuacha na njaa."

Umaima aliketi chini kando yake. Wakasameheana usiku ule kabla ya tarawehe.

Mvua zilipokuja walimwaga haradali mashamba yote mawili, na ilipochanua wakaifukia pamoja. Inasemekana Umaima alikuwa kila mara akiinua mgongo na kuuliza, "Alisema nini tena juu yangu?" Naye Lubna alimwambia, neno kwa neno, kwani ilikuwa amana, ingawa kila neno lilimchoma vilevile kama siku ya kwanza.

Nasi, ndugu zangu katika imani, tujiulize ni mema ya nani tuliyoagizwa tuyafikishe, nasi tumeyakalia.