Kijani Mtoni, Jekundu Jikoni

Paukwa!
— Pakawa!
Nina jiwe kiganjani, nifumbue nisifumbue?
— Fumbua tuone!

Basi hapo kale, kabla kibiriti hakijaja, paliondokea mjane jina lake Nakiete. Kazi yake kuchekecha mchanga mtoni, akitafuta vito. Chekeche lenyewe aliachiwa na marehemu mumewe, nalo ndilo lililomlisha yeye na watoto wake watatu. Bila chekeche, hakuna ugali. Mnasikia?

Kijiji kile kilikuwa na desturi yake. Ukiokota kito, unamtajia Jumbe rangi, mara moja tu, kisha unakitunza mpaka wanunuzi waje. Ukigundulika umedanganya, chekeche lako linachomwa moto na mtoni hukanyagi tena.

Siku moja, jua la utosi, Nakiete akaokota jiwe la kijani. Kijani cha majani ya maboga! Akaenda mbio.

"Bwana Jumbe, nimepata la kijani."

"Vema, mama. Litunze."

Akalitunza kweli. Akaliosha kwa maji ya vuguvugu, akalipangusa kwa kitambaa laini, akalifunga peke yake kwenye pindo la kanga lisije likakwaruzana na mengine. Lakini alipolitazama jikoni, kwenye mwanga wa kuni, lo! Jekundu kama pilipili iliyoiva. Akalitoa nje: kijani. Akalirudisha ndani: jekundu. Akawaza: Watu watasema lina jini! Maskini, asirudi kwa Jumbe kumwambia.

Sasa, jirani yake alikuwa Shemboza, mtu wa maneno matamu na mkono mrefu. Akaja kuomba kaa la moto.

"Hodi, jirani!"

Akainama, akaingia jikoni, akaliona jiwe linang'aa jekundu, Nakiete akilifunga haraka kwenye pindo. Akachukua kaa, akashukuru, akaenda moja kwa moja kwa Jumbe. Hata kaa likamzimikia njiani!

"Jumbe! Nimeokota jiwe jekundu leo, kabla sijakuletea habari limeibwa! Liko kwenye pindo la Nakiete!"

Mvua ilikuwa ikinyesha, basi kesi ikasikilizwa ndani, watu wameuzunguka moto. Pindo likafunguliwa. Jekundu!

"Nakiete," Jumbe akasema, "si uliniambia kijani?"

Mmoja akaita mwizi. Wa pili akaita mwongo. Wa tatu akalishika chekeche. Nakiete akalia, tena akalia kweli. Hakulilia jiwe, jamani, alililia chekeche la mumewe. Kisha akajifuta machozi.

"Bwana Jumbe, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nimuulize jirani yangu maswali matatu tu."

"Uliza."

"Jirani, jiwe lako nyumbani rangi gani?"

"Jekundu!"

"Na shambani?"

"Jekundu!"

"Na juani je?"

"Jekundu, jekundu, jekundu! Nalijua kama mwanangu!"

"Haya. Mvua imekatika. Tutoke."

Wakatoka. Jua likapiga. Kijani!

Watu wakarudi nyuma. "Lina jini!"

"Halina jini," Nakiete akasema. "Lina rangi mbili, ya jua na ya moto. Mimi nimekaa nalo, nalijua. Huyu kaliona jikoni tu."

Njia ya mwongo ni fupi, ile iliishia mlangoni. Jumbe akamwomba mama radhi mbele ya wote, na tangu hapo kito kikatajwa mara mbili, kwenye moto na kwenye jua. Chekeche lilichomwa siku ile, ndiyo, lakini si la Nakiete.

Kesho yake asubuhi: "Hodi, jirani..."

Shemboza huyo! Moto wake ulikuwa ungali umezimika. Nakiete bado alikuwa na hasira, msidanganyike. Lakini jirani hanyimwi moto. Akamchagulia kaa kubwa, lililoshika vizuri. Shemboza akainama aingie.

"Hapana, jirani. Subiri hapohapo juani. Jikoni nimeshakuona."

Nami nilikuwa nyuma yake, nangoja kaa langu, nikapewa hadithi. Imeniunguza mkono, naiweka hapa. Mwenye baridi aiokote.