Mlango wa Mninga na Kengele ya Saa Sita

Mkono si jiliwa. Mmeisikia methali hii leo, mmecheka, na sasa mwataka kujua ilikotoka. Chanzo chake ni hiki.

Katika shule yetu ya bweni, kengele ya saa sita ilikuwa sheria. Ilipolia, kila mwanafunzi alisimama wima popote alipokuwa, mikono ubavuni, hadi mlio ukome. Hatukulalamika; ndivyo tulivyolelewa.

Mwaka huo Obedi Mbilinyi, wa kidato cha tatu, alikabidhiwa mlango wa mninga wa ukumbi mpya. Akiuranda vyema, angekuwa kiongozi wa karakana, akiuharibu, angeondolewa. Mgeni wa kuufungua ukumbi angefika alasiri, na tangu asubuhi Obedi hakutulia. Alipima, akapima tena, akachungulia dirishani.

Mlango ulisimamishwa kwa ubavu kando ya meza ya kazi. Jiliwa, kile chuma cha kubania mbao mezani, lilibana ncha moja. Ncha ya pili ilining'inia. Mwalimu Kilasi wa useremala alikuwa amemwagiza achonge kigingi, akichomeke katika tundu la mguu wa meza, mlango ukalie hapo. Obedi aliona kigingi kitamchelewesha. Akamwita Yoramu, bingwa wetu wa kuvuta kamba.

"Shika hapo, ndugu yangu. Usiutikise."

"Niutikise mimi? Hilo jiliwa lako litachoka kabla yangu."

"Maneno baadaye. Shika."

Naye akashika kwelikweli. Randa ikapita, maranda yakamwagika, Obedi akazidi kuharakisha. Kengele ikalia. Yoramu akasimama wima, mikono ubavuni. Obedi hakusimama. Mlango ukainama, randa ikachimba, na mninga ukapasuka kutoka ncha hadi katikati.

"Umeniangamiza, Yoramu."

"Yoramu ametii," akasema Mwalimu Kilasi kutoka mlangoni pa karakana. "Wewe hukuisikia kengele?"

"Niliisikia, Mwalimu."

"Na ulijua atafanya nini ikilia?"

"Nilijua."

"Kengele humwita mtu, haiiti jiliwa. Mkono si jiliwa, Mbilinyi. Vua aproni."

Alasiri ile mgeni alipita katika fremu tupu, nasi tukapiga makofi huku tukitazama chini.

Msimcheke Yoramu. Alishika kwa nguvu zake zote, akaachia kwa sababu njema. Mwenzako aweza kukupenda na bado akaitwa kwingine, naye akiitwa ni haki yake kwenda. Lile lisiloruhusiwa kuanguka, lichongee kigingi mapema. Mkono si jiliwa.