Kamba Aliyoivuta Mize

Sogeeni wajukuu zangu, mnyamaze, maana mwenye kamba hii bado anasikia.

Zamani bahari haikupwa wala haikujaa, na upepo haukujulikana. Wanawake walifukia makumbi ya nazi ufukweni yaoze, ili wapate nyuzi za kusokota kamba, kila mmoja na shimo lake, na la mwenzio huligusi. Siku moja mmoja wao, Mize, akaona shimo limezungushiwa mawe meusi, akadhani limeachwa, akalifukua.

Ndani mlikuwa na ncha ya kamba. Akavuta, maji yakarudi nyuma. Akavuta tena, miamba ikatokeza, na bintiye Mwanamvua akakimbilia huko kuokota kombe. Akavuta mara ya tatu, ukavuma upepo wenye sauti.

"Mama, nani kakwambia ni yako?" zimwi lenye kamba likauliza kutoka chini ya bahari.

"Nisamehe, baba. Sikujua."

"Basi iachie."

Mize akalegeza kidogo, maji yakamrukia mwanawe. Akaizungusha kamba mikononi, akakaza.

"Mwanamvua, rudi mwanangu."

"Bado moja tu, mama."

Zimwi likacheka. "Mwache aokote. Mimi sina haraka."

Mize alishika mpaka mtoto akafika mchangani. Alipotaka kuachia, kamba ilikwisha kumla nyama ya mikono, haibanduki, na zimwi likamburura hadi chini ya bahari. Huko wanavutana mpaka leo. Mize akivuta, maji yanakupwa. Likivuta zimwi, yanajaa. Na zimwi likihema, ndio upepo.

Mwanamvua alirithi shimo la mamaye. Zimwi lilimrithi Mize. Nanyi mmerithi hili: mkiitwa, mnarudi.